Siku Ishirini na Tatu za Chelel

Ukitaka kumkasirisha Rodah Cherotich, mwambie kipimo chake si sawa. Ukichelewa atakusamehe, ukimwaga maziwa yake atakusamehe, hata ukimsema vibaya kanisani atakutazama tu na kuendelea na wimbo. Lakini useme sentimita zake zina kasoro? Thubutu! Kwa miaka kumi na tisa alishona sare za shule kwenye veranda ya duka moja pale Sotik, cherehani mbele yake, tepu shingoni, na katika miaka yote hiyo hakuna sketi iliyorudi kwa ufupi wala kaptula iliyorudi kwa kubana. Watu walimwita Mama Kipruto, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Wasiolijua jina hilo walimwita Mama Tepu, naye aliitikia yote mawili.

Mumewe ni Kiptanui. Huyu alikuwa mtu wa kuchochea boila katika kiwanda cha chai, mzee wa kanisa, mtu wa maneno mengi, wa kuombea chakula mpaka ugali unapoa. Rodah alikuwa akimfinya paja chini ya meza ili afike amina. Basi asubuhi moja ya Novemba, mwaka wa tisini na sita, Kiptanui aliinama kufunga kamba za viatu akashindwa kuinuka. Kiharusi. Kilichukua mkono wa kulia, kikachukua nusu ya mguu, na kikachukua maneno yote. Akili kiliiacha nzima. Ukimwambia mvua inakuja, alitazama nguo zilizoanikwa. Ukimtania, jicho lilicheka. Lakini akifungua mdomo ilitoka pumzi tu, naye akaona haya, akaacha kuufungua.

Rodah akabeba cherehani yake akarudi nyumbani, kule vilimani nje ya Sotik ambako shamba lao la chai linashuka mpaka kijitoni. Daktari alimwambia kwamba kinachorudi hurudi ndani ya mwaka mmoja. Baada ya hapo, mama, shukuru kwa kilichopo. Mwaka ukaisha katikati ya ile mvua kubwa iliyobomoa madaraja, na hakuna neno lililorudi. Jioni Rodah aliombea chakula mwenyewe, maombi mafupi sana, wakala ugali ukiwa wa moto, naye akauchukia moto huo. Mwanamke kutamani maombi marefu, umeona wapi? Lakini ndivyo alivyotamani, tena kwa machozi.

Mwisho wa Februari, mwaka wa tisini na nane, wakapata ndama. Ulikuwa mradi wa mitamba wenye ofisi mjini Kericho. Familia inapewa ndama jike wa gredi, mbegu ya maziwa mengi, inamlea, na akija kuzaa, ndama wake wa kwanza anakwenda kwa jirani anayefuata kwenye orodha. Masharti yalikuwa mawili. Kwanza, umpime ndama kifua kila wiki mbili na kuandika kwenye daftari la mradi, maana ukijua mzunguko wa kifua unaukisia uzito bila mizani. Pili, akidumaa mikononi mwako, mradi unamchukua na kumpa huyo jirani. Rodah aliposikia habari ya tepu alicheka mbele ya mkutano mzima. Akapewa tepu ya mradi, akailaza sambamba na yake, akazikagua tarakimu mwanzo mpaka mwisho, ndipo akatia sahihi.

Ndama alikuwa mweusi mwili mzima, ila uso mweupe pee kuanzia paji mpaka puani. Siku ya tatu Rodah alikuwa jikoni akisonga, na Kiptanui alikuwa nje kitini, mkono wake mfu umelala juu ya goti. Ndama akamsogelea, akaanza kuulamba. Ndama hupenda chumvi, na mkono wa mtu una chumvi, kwa hiyo tusitafute muujiza hapo. Aliulamba kidole kimoja kimoja, taratibu, kama aliyetumwa. Ndipo Rodah akasikia sauti ya mwanamume uani ikisema, "Chelel."

Chelel kwa Kipsigis ni yule mweupe. Rodah alidhani mgeni amefika. Alitoka na mwiko mkononi kumkaribisha, akatazama langoni, akatazama nyuma ya nyumba, hakuna mgeni. Alikuwapo mumewe tu, na ndama, na sauti ile ikaja tena kutoka kinywani mwa mumewe, nzito, yenye kutu. Ugali uliungua siku hiyo na hakuna aliyelalamika.

Kufikia Pasaka ndama alikuwa amepata maneno matano: Chelel, njoo, simama, kula, pole. Sisi watu hatukupata hata moja. Mchungaji alikuja akazungumza na Kiptanui saa nzima, akaambulia kutikisiwa kichwa. Mchungaji alipoondoka, ndama akaambiwa pole. Je, Rodah aliona wivu? Tuseme ukweli, aliona. Halafu alipiga magoti kando ya kitanda akamshukuru Mungu kwa wivu huo. Na mguu nao ulianza kusikia. Kiptanui alishika kamba ya ndama kwa mkono wa kushoto, ndama akavuta, naye akafuata kwa kuburura kiatu, kutoka kitini mpaka zizini, kutoka zizini mpaka langoni. Langoni ndipo palipokuwa mwisho wa dunia yake. Akifika hapo alipumua kwa nguvu, akageuka.

Kwa hiyo uelewe vizuri kilichokuwa hatarini. Ndama huyu akiondoka, angeondoka na yale maneno matano na ile safari ya langoni, na Rodah angebaki na mtu anayekaa kitini kutazama chai. Alilijua hilo kila alipoamka, na hakumwambia mtu.

Mwezi wa Machi alimpima Chelel kama alivyoagizwa, Jumatatu moja na kuacha moja: themanini na nne, themanini na nane, tisini na mbili. Jumatatu ya Pasaka, Aprili kumi na tatu, akapata tisini na sita. Alikuwa akiandika kwa ule mwandiko wake wa risiti za ushonaji, tarehe kwa Kiswahili upande mmoja na sentimita upande wa pili. Wiki iliyofuata Chelel akaugua. Ndigana, ule ugonjwa wa kupe unaovimbisha tezi chini ya masikio. Daktari wa mifugo alikuja akamdunga sindano, akasema tungoje. Kiptanui akakataa kula. Alikaa zizini kichwa cha ndama kikiwa mapajani mwake, na kati ya yale maneno matano likabaki moja tu, pole, pole, pole, mchana kutwa.

Rodah alifanya nini? Alimpima. Kila asubuhi, kuanzia Aprili ishirini, aliingia na tepu kabla hata ya kuwasha moto, akaizungusha kifuani kwa mnyama, akasoma, akaandika. Tisini na sita. Tisini na tano. Tisini na tano. Hakuna aliyemwagiza. Hofu yake haikuwa na kazi nyingine ya kufanya, na mikono yake ilijua kazi hiyo moja. Ikiwa tepu haijapungua leo, mnyama hajafa leo. Siku ishirini na tatu alifanya hivyo, mpaka Mei kumi na mbili, asubuhi ambayo Chelel alisimama mwenyewe na kula majani ya napia yaliyokuwa kwenye kikapu, kisha akajaribu kula na kikapu.

Baada ya hapo Rodah hakutaka hata kuiona ile tepu. Aliitundika msumarini, akasema mnyama na akue bila kushikwashikwa. Alimpima Juni kumi na mbili, mia moja na nne. Akampima Julai kumi na tatu, mia moja na kumi na mbili. Akampima Agosti kumi na mbili, mia moja na kumi na tisa, akalipeleka daftari kwenye kituo cha kununua chai ambako mradi uliyakusanya madaftari, akarudi nyumbani akiimba.

Jumatatu, Agosti ishirini na nne, jirani yake Loice alifika na bahasha mbili, uso umemshuka. Loice ni mama mwenye sauti kubwa na moyo mwepesi, na ndiye aliyefuata kwenye orodha. Bahasha moja ilikuwa yake, imeshafunguliwa. Ya pili ilikuwa ya Rodah.

"Soma, Mama Kipruto," akasema. "Mimi yangu nimesoma, na sijalala vizuri tangu jana."

Rodah alisoma kwa sauti, pale pale uani. Barua ilisema kwamba ndama aliyekabidhiwa amedumaa kwa zaidi ya nusu ya muda wote aliopimwa; kwamba vipimo vitatu vya mwisho vina shaka; kwamba Ijumaa, tarehe ishirini na nane, pikapu itafika kumhamishia kwa familia inayofuata. Alipofika kwenye neno shaka alisimama, akalirudia, akakunja barua mara nne.

"Mimi simtaki," Loice alisema, na machozi yakamtoka. "Namtaka ng'ombe, nisikudanganye, namtaka sana. Lakini si huyu."

Walikuwa wamesahau mtu mmoja. Kiptanui alikuwa kitini hatua tatu tu kutoka hapo, na kiharusi hakikumnyima masikio. Alisikia kila neno. Alijiinua, akaburura kiatu mpaka zizini, akashika kamba ya Chelel, na mpaka giza linaingia hakuiachia. Rodah alimletea uji akaunywa akiwa amesimama. Kesho yake ilikuwa hivyo hivyo, na keshokutwa.

Alhamisi asubuhi Rodah alivaa gauni lake la Jumapili, akamwomba Loice amwangalie mzee, akatia tepu kwenye kikapu, akaenda Kericho.

Ofisi ya mradi ilikuwa juu ya duka la mbolea. Ndani walikuwa watu wawili. Mmoja ni Bwana Ombati, afisa wa mifugo, mtu wa Kisii, mrefu, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni na mapenzi makubwa kwa kompyuta. Kompyuta ilikuwa imefika mwaka huo, na nakuambia, mwenye kununua gari jipya haliangalii namna ile. Wa pili ni Wanjuhi, karani, mama wa miaka arobaini hivi, ambaye baba yake alihamia Kericho kutoka Nyeri zamani na kufungua duka la misumari na mabati. Ndiye aliyeingiza vipimo vya ndama wote kwenye mashine, na ndiye aliyeifumia kitambaa cha kuifunika isipate vumbi.

"Karibu, mama, keti," alisema Bwana Ombati. "Najua ni uchungu. Lakini sitaki uone tumekuonea, kwa hivyo tazama wewe mwenyewe." Akamwekea karatasi mezani. "Hii inaitwa grafu. Huu mstari wa chini ni tarehe. Huu wa pembeni ni sentimita. Sasa, hapa mwanzo ndama anapanda vizuri. Hapa anasimama. Anasimama, anasimama, anasimama, karatasi karibu yote. Halafu huku mwisho, ghafla bin vuu, anaruka juu. Mama, ng'ombe haruki hivyo."

"Haruki?"

"Haruki. Ndiyo tukaona hivi vipimo vitatu vya mwisho..." Alitafuta neno la adabu, maskini, akalipata baya zaidi. "Pengine vilisaidiwa kidogo."

Vilisaidiwa! Loo! Wanjuhi aliacha kupiga chapa. Rodah alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni. Miaka kumi na tisa, watoto wa shule nane, hakuna sketi iliyorudi, leo aje kuambiwa amesaidia kipimo. Alitaka kusimama na kuondoka. Kilichomzuia ni kumkumbuka Kiptanui zizini na ile kamba mkononi.

"Bwana Ombati," alisema polepole, "si uje umwone ng'ombe kwa macho?"

"Pikipiki iko gereji tangu Juni, mama, na mimi nina ndama mia moja na arobaini. Na tena macho hudanganya." Akaigusa kompyuta begani kwa upendo. "Hii haidanganyi."

Rodah aliisogeza ile karatasi karibu, akaiinamia. Hakuwa amewahi kuona grafu, lakini namna ya kusoma kitu kilichochorwa juu ya karatasi aliijua. Patani za nguo amekata maelfu. Akatoa tepu kikapuni, akailaza kwenye mstari wa chini, akafuata kwa ukucha. Kutoka Aprili ishirini hadi Aprili ishirini na moja, milimita nane. Akasogea. Kutoka Mei nne hadi Mei tano, milimita nane. Akasogea mpaka mwisho. Kutoka Juni kumi na mbili hadi Julai kumi na tatu, milimita nane. Alirudia mara mbili, kwa sababu ndivyo anavyofanya fundi kabla ya kushika mkasi.

"Dada," akamwita Wanjuhi, "usiku mmoja una milimita ngapi hapa?"

Wanjuhi akaja, akainama naye. "Naona nane, mama."

"Na mwezi mzima?"

Wanjuhi akatazama. Akatazama tena. "Nane," akasema kwa sauti ndogo.

"Mmezipanga tarehe zangu kama vifungo vya shati," alisema Rodah. "Kifungo na kifungo, nafasi moja. Kwa shati ni sawa, hata mimi hufanya hivyo. Lakini siku si vifungo! Mnyama alikuwa mgonjwa nikampima kila asubuhi, siku ishirini na tatu, na nyinyi mmechukua ugonjwa wa wiki tatu mkaunyoosha ukawa maisha yake yote. Halafu miezi ambayo alikua kweli mmeikunja hapa pembeni, ikawa kidole kimoja. Sasa ni nani amesaidia kipimo?"

Wanjuhi alikuwa ameshaketi mbele ya mashine.

Alifungua orodha ya vipimo vya Rodah, akaikodolea macho kwa muda. "Bwana Ombati," akasema, "hebu ona. Tarehe zimekaa upande wa kushoto."

"Zikae wapi?"

"Pale Nakuru, kwenye kozi ya kompyuta, tulifundishwa kwamba maneno hukaa kushoto, na namba na tarehe hukaa kulia. Hizi mashine imeziona ni maneno." Akajishika kichwa. "Ni mimi. Mama aliandika Machi, Aprili, Mei, kwa Kiswahili, nikanakili vile vile, nisiharibu kazi yake. Na hii mashine imefundishwa Kiingereza tu. Haijui Mei ni mwezi. Imefikiri ni majina ya watu. Mei nne na Mei tano kwake ni Jecinta na Morris, inawapanga tu kwa foleni, nafasi sawa, haina habari kama kati yao kuna siku moja ama mia."

"Lakini wale wengine wote pia wameandika kwa Kiswahili," alisema Bwana Ombati, "na grafu zao ziko sawa."

"Wale wengine wamepima kila wiki mbili, bila kuruka, bila kuzidisha. Ukipima hivyo, hata vifungo ni sawa." Wanjuhi akamgeukia Rodah. "Mama, ni wewe peke yako uliyepima kila siku."

Wakazirudia tarehe zote thelathini. Rodah alishika daftari na kusoma, Wanjuhi akaandika upya kwa ile lugha ya mashine, na kila tarehe ilipoingia iliruka kutoka kushoto kwenda kulia, na kila iliporuka Wanjuhi alisema "haya". Machi mbili, haya. Machi kumi na sita, haya. Walipofika kwenye zile siku za ugonjwa sauti ya Rodah ilianza kupungua. Aprili ishirini na tisa. Aprili thelathini. Mei mosi. Mei mbili. Mei tatu alishindwa kuisoma. Ndiyo siku ambayo Kiptanui alikuwa amelala zizini na ndama, akikataa kutoka, na Rodah alimfunika kwa gunia na blanketi.

"Mama," Wanjuhi akauliza kwa upole, "kwa nini ulikuwa unampima kila siku? Mnyama mgonjwa hakui."

"Najua hakui. Nilikuwa nahakikisha yuko." Halafu, kwa kuwa mama huyu alikuwa amemwuliza vizuri, akamwambia yote. Akamwambia habari za Novemba, na ule mkono, na yale maneno matano ambayo hayakuwa yake. "Kwangu mimi hajasema kitu. Sijui kama atasema. Lakini nikiwa jikoni namsikia akimwambia ng'ombe pole, na mimi huichukua. Naichukua kama ni yangu."

Wanjuhi alivuta leso mfukoni, akapenga kamasi. Bwana Ombati alikuwa akitazama nje dirishani, kwenye mvua ya mawe iliyoanza kupiga mabati ya soko, na shingo yake ilikuwa imekunjamana kwa aibu.

Tarehe ya mwisho ilipoingia Wanjuhi alifungua kidirisha kidogo kwenye mashine, akauagiza ule mstari wa chini ufuate kalenda. Mbele ya macho yao picha ikajipanga upya. Lile tambarare refu likajikusanya likawa kaubapa kafupi, kama kidato kimoja cha ngazi. Kabla yake mstari ulipanda, baada yake ukapanda kwa mwendo ule ule, wiki baada ya wiki, mpaka mia moja na kumi na tisa. Hakuna mruko. Printa ikalia na kutoa karatasi, na Wanjuhi akachana zile kingo zake zenye matundu kwa uangalifu, akampa Rodah wa kwanza.

Bwana Ombati aliitazama baada yake. "Kumbe aliugua," akasema.

"Nimeandika kwenye daftari, pembeni. Ndigana."

"Sikusoma daftari, mama. Nilisoma grafu." Huyu mtu nimemcheka kwa muda, lakini nampa haki yake: hakutafuta kisingizio. "Nimekukosea. Lile neno nililosema, la kusaidiwa, nalirudisha. Ndama anabaki kwako."

"Asante. Lirudishe kwa maandishi," akasema Rodah, "na mhuri."

Akaandikiwa, ikapigwa mhuri mara mbili kwa kuwa wa kwanza haukutokea vizuri. Wanjuhi alimsindikiza mpaka chini ya ngazi, wakashikana mikono, wakabaki wameshikana kwa muda.

Alasiri Rodah alikuwa akikaribia kwake alipomwona Loice akija mbio barabarani, leso imemdondoka, matope mpaka magotini.

"Mzee hayuko!" Loice alilia. "Nimeenda kuteka maji tu, Mama Kipruto, mitungi miwili tu, nikarudi hayuko! Na ndama hayuko!"

Rodah hakumlaumu. Alikimbia. Zizini palikuwa tupu, kiti kilikuwa kitupu, lango lilikuwa wazi. Kiptanui hakuwahi kulipita lango hilo tangu augue. Kwenye matope palikuwa na alama za kwato, na kando yake alama ya kiatu kimoja, na mfuo mrefu wa kiatu kilichoburuzwa, zikishuka na njia ya kijitoni. Kijito kilikuwa kimejaa kwa mvua ya ile siku. Rodah aliomba akikimbia, maombi yasiyo na mwanzo wala amina, Mungu wangu, Mungu wangu, mguu wake haufai kwa mawe, Mungu wangu. Akafika majini, akaona alama zimeingia upande huu. Akavuka, maji mapajani, gauni la Jumapili na yote, akaona zimetoka upande wa pili.

Ndipo akainua macho. Kilima kile ni chai ya Makori, jirani wa ng'ambo ya kijito, imekatwa sawasawa, na wachumaji walikuwa wamesimama na vikapu mgongoni, kimya, wote wakitazama mahali pamoja. Katikati ya chai, iliyowafika watu kiunoni tu, alisimama Kiptanui akiwa na fulana, akitetemeka kwa baridi. Kando yake alisimama ng'ombe mzima mzima, chai ikimfika tumboni, na kichwani, juu ya ule uso mweupe unaoonekana kutoka mbali, alikuwa amefunikwa koti la mzee likafungwa vifungo chini ya taya. Kiptanui alikuwa amemficha. Kwa mkono mmoja alikuwa amevifunga vifungo vyote.

Rodah alipanda kati ya mistari ya chai akihema. Barua yenye mhuri ilikuwa kikapuni, ingetosha kuitoa. Lakini aliiona sura ya mumewe, ukali wake, jinsi alivyosogea akasimama mbele ya ndama na kumziba kwa mwili wake mwembamba, na hakuwa na moyo wa kumharibia.

"Kiptanui," akamwuliza, "Chelel yuko wapi?"

Kiptanui alimtazama. Midomo ikaanza kufanya kazi, upande mmoja, kisha mwingine, jasho likamtoka katika baridi ile. Nyuma yake koti lilitikisa masikio.

"Hayuko," akasema.

Mzee wa kanisa kwa miaka kumi na minane. Neno lake la kwanza kwa mkewe tangu Novemba ya tisini na sita, na lilikuwa uongo mtupu, mbele ya mashahidi. Rodah aliziba mdomo kwa kiganja, na machozi yakapita kati ya vidole. Alijikohoza ili sauti isimsaliti.

"Ati yuko wapi?"

"Hayuko," akasema Kiptanui, kwa nguvu zaidi, akimtazama machoni. "Ameenda."

Hayo yalikuwa mawili. Rodah akaketi chini pale pale katika matope ya shamba la watu, akashika ule mguu wa suruali uliolowa, akamwuliza mara ya tatu.